Mwenye kufikiri taratibu si mvivu

Mhariri,

Binti yangu wa gredi ya sita hukaa nami dukani jioni hapa Malaba. Dereva wa lori akilipa kwa noti za Uganda na za Kenya zilizochanganyika, yeye hunyamaza, macho darini, kisha hutaja chenji. Hakosei. Ila hunyamaza kweli, na madereva wetu hawana subira.

Shuleni ukimya huohuo unamponza. Karatasi yake ya hesabu ya muhula uliopita ilirudi na maswali ya mwisho yakiwa matupu. Yote aliyoyafikia yana alama ya vema. Juu yake, kwa wino mwekundu: "Mvivu." Mvivu wa nini, aliyepata kila alichokigusa?

Wazazi wengi hatujui kwamba Baraza la Mitihani la Kenya huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 30, na ng'ambo ya mpaka Baraza la Mitihani la Uganda huwaongezea 45. Lakini muda huo hauombwi asubuhi ya mtihani. Upande wa Kenya, mtoto hupimwa kwanza katika vituo vya upimaji vya wizara ya elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na shule ndiyo hupeleka maombi. Shule iliyokwisha kumwita mvivu itamwombea nini?

Walimu wakuu wa pande zote mbili, wapelekeni watoto wanaofikiri taratibu wapimwe mapema. Na darasani, wapunguzieni idadi ya maswali, si ugumu wake.

Mzazi,
Malaba, Teso Kaskazini