UCHAMBUZI: Gofu ya Wageni Wanne na Somo la Viwanja vya Wazi kwa Mji wa Bariadi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake makuu, mji huo umekuwa ukijengwa kwa kasi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani humo. Watu hao wanahitaji maji, barabara, shule na zahanati; wanahitaji pia mahali pa kucheza na kukutana.

Hoja ya viwanja imepata sura mpya kutokana na mradi ulio jirani. Katika eneo la Fort Ikoma, wilayani Serengeti, Mkoa wa Mara, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) limeanzisha mradi wa uwanja wa gofu wenye mashimo 18 kwa lengo la kukuza utalii wa michezo. Kwa kuwa Hifadhi ya Serengeti inagusa pia ardhi ya Simiyu, ni haki mwananchi wa Bariadi kuuliza: mchezo huu unamhusu vipi?

Kwa wengi, jibu la haraka ni kwamba haumhusu. Gofu iliingia nchini kupitia klabu za wakati wa ukoloni, zikiwamo zile zilizojulikana kwa jina la Gymkhana katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Morogoro. Hata Mwadui, katika mkoa jirani wa Shinyanga, gofu ilichezwa ndani ya eneo la mgodi wa almasi. Aliyetaka kucheza alipaswa kuwa mwanachama au mgeni wa mwanachama. Kijana wa kawaida aliingia akiwa amebeba mkoba wa fimbo za mtu mwingine. Hata hivyo, baadhi ya vijana hao walijifunza kwa kutazama na hatimaye wakawa wachezaji wa kulipwa.

Hata hivyo, uanachama ni utaratibu uliowekwa na klabu, na gofu yenyewe ina desturi nyingine. Mji wa St Andrews nchini Uskoti una uwanja mkongwe ambao haki ya wakazi kuutumia ilithibitishwa kwa hati ya mwaka 1552. Hadi leo uwanja huo unasimamiwa kwa niaba ya umma, na kwa kawaida siku ya Jumapili hufungwa kwa gofu ili wananchi watembee humo kama bustani. Mchezaji aliyefika peke yake anaweza kupangwa na wengine asiowajua, wakazunguka pamoja kwa saa nne au zaidi.

Utaratibu wa mzunguko huo unastahili kutazamwa kwa makini. Katika michezo mingi mwamuzi husimama kati ya wapinzani. Katika gofu, kwa sehemu kubwa, mchezaji hujisimamia mwenyewe. Katika mashindano ya mikwaju, kila mmoja huandika hesabu ya mwenzake, na mwisho wa mzunguko kadi husainiwa na wote wawili. Mpira ukipotea, wenzake humsaidia kuutafuta kwa muda usiozidi dakika tatu. Aliye dhaifu hupunguziwa idadi fulani ya mikwaju kulingana na kiwango chake, hivyo mwalimu mstaafu anaweza kushindana kwa haki na kijana hodari. Watu wanne waliokutana asubuhi bila kujuana hulazimika kuaminiana hadi shimo la mwisho.

Desturi ya kukutana uwanjani si ngeni kwa Simiyu. Baada ya mavuno, ngoma za mashindano za Wagika na Wagalu huwakusanya Wasukuma kutoka vijiji mbalimbali. Mtu husimama kando ya asiyemjua, wakashangilia au wakabishana, kisha kila mmoja akarudi kwao akiwa na jamaa mpya. Kinachowezesha hayo ni uwanja usio na mlango wa kumchagua anayeingia.

Hii haina maana kwamba Bariadi ianze kesho kujenga uwanja wa gofu. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji takribani hekta 50 au zaidi, wakati uwanja wa mpira wa miguu hautimizi hekta moja. Huhitaji pia maji ya kumwagilia nyasi, katika mkoa ambako mkulima wa pamba na mfugaji hutazama mawingu kwa wasiwasi. Zipo njia za gharama nafuu, kama mashimo tisa mafupi au maeneo ya shimo yaliyotandikwa mchanga badala ya nyasi, yanavyotumika katika sehemu kavu za Australia. Lakini hata njia hizo huja baada ya mahitaji ya msingi.

Kisichoweza kusubiri ni ardhi. Shule inaweza kuongezewa darasa baada ya miaka kumi. Eneo la wazi likishagawanywa kuwa viwanja vya nyumba, kulirejesha ni gharama na migogoro. Mkoa una mfano wa kujivunia katika viwanja vya Nyakabindi, vilivyokuwa mwenyeji wa Maonesho ya Nane Nane kitaifa. Mkulima, mtaalamu na mwanafunzi wamekutana hapo kwa sababu eneo lilitengwa mapema.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatoa msingi wa kupanga matumizi ya ardhi mijini, na Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 lina dhamana ya kuendeleza michezo. Vyombo hivyo hufanya kazi vizuri zaidi pale mwananchi anapoijua ramani ya mtaa wake. Ahudhurie mkutano wa mtaa, aulize eneo la wazi liko wapi, mipaka yake imewekwa alama gani, na ni nani anaruhusiwa kulitumia. Mchezo utakaochezwa hapo, uwe gofu, mpira au ngoma, wakazi watauchagua wenyewe, mradi uwanja upo na mlango wake uko wazi.