Kabla Hujawasha Fataki, Mfungue Mbwa Mnyororo

Bumu lilipotoka mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili, sehemu yake niliimalizia kwenye fataki. Nilikuwa nimerudi nyumbani Tabata kwa likizo, nikataka wadogo zangu waone kwamba kaka yao yuko chuo kikuu.

Mbwa wetu, Chui, alikuwa kafungwa mnyororo karibu na geti, kama mbwa wengi wa mjini wanavyoishi. Mama yuko kanisani kwenye mkesha. Saa sita kamili usiku nikawasha. Watoto walishangilia, mimi narekodi kwa simu, na kiukweli Chui sikumwangalia hata mara moja. Tulipomaliza, mnyororo ulikuwa chini na mkanda wa shingoni umekatika.

Mdogo wangu wa darasa la nne alimtafuta siku nne, akigonga mageti ya watu: "Shikamoo mama, hamjaona mbwa wa kahawia?" Siku ya tano Chui alirudi mwenyewe, anachechemea, sikio limechanika. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Na wewe ndiye utakayekabidhiwa watoto wa watu darasani?"

Najua mtasema watu wana shida kubwa kuliko mbwa. Sawa, shida zipo. Lakini mbwa aliyechanganyikiwa akakimbilia barabarani ni shida ya bodaboda pia. Na akipotea bila chanjo, akang'atana na mbwa wa mitaani, akirudi na kichaa cha mbwa ni shida ya mtoto atakayempokea getini. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Wengine husema mbwa atazoea. Wengi hawazoei, wengine huzidi kuogopa kila mwaka. Sikio letu husikia sauti hadi kama hezi 20,000. La mbwa hufika kama 45,000, na la paka hupita hapo. Halafu sisi tunajua ni mwaka mpya. Yeye hajui, na tumemfunga pale pale mlipuko ulipo.

Cha kufanya hakihitaji hela. Mtembeze mchana na mpe chakula mapema. Jioni mfungue, muingize ndani kwenye chumba kimoja, funga madirisha, shusha mapazia, washa redio. (Mama yangu hakubali mbwa aingie ndani. Stoo inatosha.) Akijificha uvunguni mwache huko huko, usimvute wala kumkaripia. Usimpe panadoli wala dawa yoyote ya binadamu. Kama anatetemeka hadi kujiumiza, muone daktari wa mifugo siku kadhaa kabla. Andika namba ya simu kwenye mkanda wake. Paka naye afungiwe ndani na sanduku la mchanga, maana yeye akikimbia hupanda juu hata usijue umtafute wapi.

Sisemi fataki zifutwe. Visiwa vya Galápagos kule Ekuado vilipiga marufuku fataki zenye kelele mwaka 2018 kwa ajili ya wanyama wake, zikabaki za mwanga tu. Sisi hatujafika huko. Ninachodai ni kidogo: tuwashe saa sita, sio kuanzia jioni ya tarehe 24 hadi shule zifunguliwe, na jirani aambiwe mapema ili afunge mlango.

Hapa chuoni pia tunaobaki hosteli tuna yule paka wa ngazi ya chini, tunayemlisha mifupa ya samaki mwaka mzima. Mwaka jana kuna waliorusha fataki pale pale kwenye ngazi. Jamani, uwanja wa mpira uko hatua mia mbili tu.

Mwaka huu narudi Tabata bila fataki. Mdogo wangu ameshapiga simu kuniambia Chui atalala chumba gani usiku wa tarehe 31. Ni changu, na mimi nitalala sebuleni.