Kubadili dawa ya kifafa: hatari iko katika wiki za mpito

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kupata ujauzito wasiandikiwe valproeti, dawa ya kifafa. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 waliokumbana nayo tumboni huzaliwa na kasoro za kimaumbile. Baadhi ya wagonjwa huhamishiwa lamotrijini. Tunaloliona kuwa gumu ni kipindi ambacho dawa hizo mbili hutumiwa pamoja.

Valproeti hulizuia ini kuivunja lamotrijini, hivyo hukaa mwilini karibu mara mbili ya muda wa kawaida. Ndiyo maana dozi huanza chini sana na kupandishwa polepole. Ikipandishwa haraka, mgonjwa anaweza kutokwa na vipele vinavyohatarisha maisha. Valproeti ikiondolewa, mambo hugeuka: kiwango cha lamotrijini katika damu hushuka, na dozi isiporekebishwa kifafa kinaweza kurudi.

Kwa hiyo mwongozo mzuri hautoshi bila ufuatiliaji wa karibu. Anayebadilishiwa dawa asiiache ya zamani kwa uamuzi wake mwenyewe, na akiona vipele arudi hospitali siku hiyo hiyo.