Kikokotoo cha Wifi

Mwezi huu sina kesi ya mume aliyepotea Ijumaa akaonekana Jumapili, wala ya simu yenye namba za siri tatu. Nina kesi ya kikokotoo. Usicheke. Najua tangu 2018 ukilitamka neno hilo mbele ya mstaafu yeyote nchi hii anashika kichwa, lakini mimi nazungumzia kidude chenyewe cha kubonyeza, kalkuleta, ambacho nusura kinipeleke kwa mama yangu na begi mkononi.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alikuwa amerudi kutoka bweni. Yuko Form Five, PCM, shule ya serikali ya wasichana. Tangu baba yao afariki, mume wangu ndiye anayebeba michango ya shule, nauli, sare, godoro, mpaka sabuni ya kufulia. Sijawahi kulalamika. (Haya, nimelalamika mara mbili, lakini kwa upole.)

Jumamosi moja nilikuwa natafuta picha za kipaimara kwenye simu ya baba watoto, kwa ruhusa yake, msianze. Ukaingia ujumbe: "Kaka, TI-84 nimeiona. Dola 150 hivi. Nakuja tarehe 20, niibebe?" Mimi na akili zangu za kusoma barua zenu kila mwezi, nikadhani TI-84 ni jina la kificho la mtu. Moyo ukaruka. Nikapandisha juu, nikaona jibu lake la siku mbili nyuma: "Chukua tu, hela ipo."

Hela ipo! Wapi? Kwenye nyumba yetu kuna hela moja tu inayoweza kusemwa "ipo", nayo ni ya tanki la maji pale Kibaha tunapojenga. Dola 150 ni kama laki nne. Nikamfuata sebuleni na simu mkononi kama polisi na kidhibiti.

Kumbe mtumaji ni rafiki yake waliyesoma wote, siku hizi anaishi Dallas, na TI-84 ni kikokotoo cha kuchora grafu. Unaandika mlinganyo wako, unabonyeza, mchoro unatokea kwenye kioo. Hapo Dallas ndiko kampuni inayovitengeneza iliko, Texas Instruments. Wa kwanza kutoa kikokotoo cha namna hiyo walikuwa Casio, 1985, na fx-7000G yao. Lakini kwa wanafunzi wa Marekani hii ya Texas ndiyo imekuwa kama mathematical set kwetu: mwanafunzi wa sekondari asipokuwa nayo anaonekana kama kaja shule pekupeku. TI-84 Plus ilitoka 2004. Kioo chake kina vidoti 96 kwa 64, yaani hata simu ya bei ya chini inakizidi kwa mbali, na bado mashine za ukoo huo zinauzwa zaidi ya dola 100.

"Wifi yako kaomba," akasema. "Anasema bila hiyo hesabu za Advance hatoboi."

"Na mimi nilipaswa kujua lini? Tanki likishageuka kalkuleta?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile neno. Dada zangu mnaokaa na ndugu wa mume mnalijua. "Angekuwa mdogo wako ungeuliza?"

Usiku ule nililala nimeutazama ukuta.

Ngoja niwe mkweli kwenu, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Sikuwa naumwa laki nne tu. Nilikuwa naumwa kuona kwamba nikisema hapana, mimi ndiye wifi mbaya, yule wa kwenye hadithi anayemnyima yatima. Nikisema ndiyo, nimepitisha mtindo wa mambo ya nyumba yangu kuamuliwa Dallas. Pande zote nimeliwa.

Jumatatu nikampigia mwalimu mmoja, tulikuwa darasa moja, sasa ana miaka mingi anafundisha Advance. Nilitaka aniambie tu kwamba ni anasa nikashinde kesi. Yeye akaniuliza swali moja: "Dada, huyo binti mtihani wake unatungwa na nani?"

Nikasema NECTA.

"Basi kikokotoo cha kuchora grafu akiache. Karatasi ya NECTA inaruhusu kile kisichoweza kuwekewa programu. TI-84 inawekewa programu. Atajifunzia miaka miwili, siku ya mtihani kitabaki nje ya mlango, na yeye ndani hajui kushika penseli."

Angekuwa kwenye shule za IB, kama zile za Dar, Moshi na Arusha, akasema, jibu lingegeuka: huko kikokotoo cha grafu ni lazima, ingawa katika mkondo wao mmoja wa hesabu karatasi ya kwanza hairuhusu kikokotoo cha aina yoyote, ya pili ndiyo inakidai. Wanaofanya A Level ya Cambridge wao hawaruhusiwi kuingia na cha grafu, na kuna wazazi wananunua kwa sababu tu jirani wa IB amenunua. Na mnaowaandaa watoto kwa SAT wakasome Marekani, msikimbilie dukani: tangu 2023 mtihani ule kwa wanaoufanyia nje ya Marekani uko kwenye kompyuta, na mwaka uliofuata Wamarekani wenyewe wakahamia huko, na kikokotoo cha grafu kiitwacho Desmos kimo humohumo ndani ya mtihani.

Nilikata simu nikiwa naelea. Nimeshinda! Nikarudi nyumbani na hukumu yangu nimeikunja kama khanga mpya. Nikamkuta wifi jikoni anachambua mchele.

Sijui nini kilinizuia kuitoa. Labda mgongo wake, jinsi alivyojikunja aliposikia hatua zangu. Alishajua tumegombana kwa ajili yake. Nikavuta kigoda. Nikamuuliza kitu ambacho katika nyumba nzima, siku tatu za kununiana, hakuna aliyekiuliza: "Wifi, kwani unataka kuifanyia nini?"

Akaendelea na mchele. Kisha akaanza. Darasani wako wengi, mwalimu wa hesabu anaandika ubaoni haraka, na zile grafu zenye sehemu ambazo mstari hausogei, hazimwingii kabisa. Anakariri. Likizo ya Juni, kabla hajaenda Form Five, binti wa jirani anayesoma shule ya kimataifa alimshikisha kikokotoo chake. Akaandika mlinganyo, mstari ukapanda mpaka karibu na mahali fulani, ukapaa, ukatokea upande wa pili kutoka chini. "Nikaona kwa macho, wifi. Mara ya kwanza nikaelewa kinachosemwa."

"Si utumie simu?"

"Simu shuleni haturuhusiwi. Kalkuleta tunaruhusiwa. Ndiyo maana."

Hapo nikakosa la kusema. Binti hakuwa anataka kuringia wenzake bwenini, kama nilivyokuwa nimeshaamua moyoni. Alipiga hesabu zake vizuri kuliko sisi wawili: simu inazuiwa, kalkuleta inapita. Alichokosea ni mlango mmoja tu, ule wa chumba cha mtihani.

Jioni nikampigia tena mwalimu, safari hii sikutafuta ushindi. Akaniuliza binti ana kalkuleta gani sasa. Wifi akaileta: Casio fx-991ES, kaka yake alimnunulia Kariakoo alipochaguliwa. "Mwambie abonyeze MODE, halafu 7," akasema mwalimu.

Likatokea neno TABLE. Wifi akanitazama. Muhula mzima yuko nacho hajawahi kubonyeza pale.

Mwalimu akampa mfano mmoja: x kwa kipeo cha pili toa 4, gawanya kwa x toa 2. Kwanza auchore kwenye GeoGebra, programu ya bure iliyoanzia Austria mwaka 2001, tukaipakua kwenye simu yangu. Akauandika. Ukatokea mstari mnyoofu, safi, unapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nikaona umeisha. Halafu mwalimu akasema sasa uingize uleule kwenye Casio, uanzie 0, uishie 4, hatua ya 1. Jedwali likaja: 2, 3, halafu kwenye x ya 2 pakaandikwa ERROR, kisha 5, 6.

Wifi akashika kalamu. Hakutuuliza kitu. Akaandika juu ya bahasha ya bili ya maji: (x − 2)(x + 2) chini ya (x − 2). Akakata. Ikabaki x + 2. Akainua uso.

"Wifi, hii simu inadanganya. Hapa kwenye mbili pana shimo. Juu sifuri, chini sifuri. Mstari haupiti, ila shimo ni dogo halionekani."

Kwenye simu mwalimu akacheka kwa sauti. Akasema hilo ndilo analolilia kila mwaka: mashine ya grafu inakuonyesha umbo, na umbo lina faida yake, lakini anayetoa maksi anataka kujua kama umeliona shimo. Akamwambia likizo achore kwenye simu kadiri atakavyo, shuleni atumie jedwali na karatasi ya grafu, nukta kwa nukta, mpaka mkono uzoee. Na kile kitufe cha 7 akifundishe bweni zima.

Sikujua kwamba baba watoto alikuwa amesimama mlangoni.

Usiku, watoto wamelala, akaniambia jambo ambalo kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kunigusia. Kwamba na yeye alianza PCM. Kwamba walikuwa wanne kwa kalkuleta moja, ya mwenzao, na zamu yake ilikuwa ya mwisho, usiku, mwenye mali akishataka kulala. Mwisho akahamia HGL, nyumbani akasema amependa mwenyewe historia. Marehemu baba mkwe alikufa akiamini hivyo. "Aliponiambia anahitaji kalkuleta," akasema, "sikusikia kitu kingine. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza."

Sasa mwanamke ukishaambiwa hivyo unafanyaje? Mimi nilimwambia kuhusu wigi. Lile la Oktoba, ambalo nilisema elfu themanini. Lilikuwa laki tatu na nusu. Alikaa muda mrefu anaangalia kichwa changu.

Tulikubaliana mambo mawili usiku ule, nawaandikia kama yalivyo. Hela ikizidi laki moja, ya ndugu wa upande wowote au ya kichwa cha mtu yeyote, inasemwa kwanza. Na wifi akitaka kitu cha shule, anatuambia tukiwa wote wawili mezani, asiwe anapita kwa kaka yake gizani kama anaomba hisani. Hili la pili nililisema mimi, na nililisema kwa aibu, kwa sababu nilijua kwa nini alikuwa anapita gizani.

Kuna dada atasoma hapa aseme, mbona mume wako ndiye aliyekosea halafu mnagawana lawama? Alikosea, ndiyo. "Chukua tu, hela ipo" bado inaniuma nikiikumbuka. Lakini angeniuliza mwanzoni ningejibu hapana papo hapo, bila kumpigia mwalimu yeyote, na binti angerudi bwenini akakariri mashimo asiyoyaona.

Rafiki wa Dallas alifika tarehe 20 na chokoleti na manukato, kikokotoo hakukinunua, tulimwahi. Wifi aliondoka Januari na Casio yake ileile, betri ya akiba, na vitabu sita vya grafu. Tanki liko Kibaha, limefungwa, linangoja mvua.

Kwenye friji yetu ameacha karatasi moja kaibandika kwa sumaku. Ni mstari mnyoofu uliochorwa kwa penseli, na pale 2 ya chini inapokutana na 4 ya pembeni, kaduara kadogo kasiko na kitu ndani. Baba watoto kila akienda kuchukua maji anakagusa kwa kidole.

Wigi bado tunalijadili.