Wekundu wa Magharibi Juu ya Kikula
Mtu asimamaye mtaani Kikula magharibi ya Agosti, mvua ikiwa imekatika tangu Aprili au Mei, huliona jua likizama jekundu kama shaba iyeyukayo, akamhimidi Mola. Walakini wekundu ule aghalabu ni moshi wa miombo iteketeayo, uzuiao nuru ya buluu na kuiachia nyekundu ipite. Mvua zishikapo, mnamo Novemba, upeo hutakata, na mbayuwayu watokao Ulaya huwinda wadudu juu ya Ziwa Tshangalele, lililotokana na kuzuiwa kwa mto Lufira pale Mwadingusha. Kwa rai yangu, moto wa mwisho wa kiangazi, uunguzao hata miche (ule wa mapema, nyasi zingali mbichi, una nafuu), upigwe marufuku, hata tukiikosa fahari ile ya jioni.