Mwenzetu Anapotuambia Siri Yake



Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alitangaza, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, kwamba Kanisa barani mwetu halitabariki miungano ya watu wa jinsia moja. Wengi wetu tulilishika neno hilo, tukaliruka lililo kando yake: tangazo hilohilo linataka watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima. Katekisimu, namba 2358, ilikuwa imekwisha kuagiza wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na wasibaguliwe isivyo haki. Sasa sikilizeni mizaha yetu baada ya mazoezi ya kwaya, mkaipime kwa maneno hayo.

Toka Kavimvira hadi Kalundu, katika makundi yetu wamo vijana wa miaka kumi na minne, kumi na sita, wanaovutwa na wenzao wa jinsia yao. Hawakujichagulia. Wamekaa nasi benchi moja, na wananyamaza kwa sababu wanatusikia tukicheka.

Siku mmoja wao akikufungulia moyo, msikilize hadi mwisho. Siri hiyo ni yake. Usiifikishe kwa wazazi wake, wala kwa rafiki yako mmoja tu (huyo mmoja tu ndiye anayeieneza mtaa mzima), pasipo idhini yake. Tumeona watoto wakifungiwa katika vyumba vya maombi, wakinyimwa chakula na kupigwa ili pepo atoke. Huo ni ukatili, hata ukifanywa kwa jina la Yesu.

Wapo pia wazazi wanaofikiri dawa ni kumhamishia mtoto kwa ndugu wa Bujumbura. Wajue wanakompeleka. Sheria ya Kongo haihesabu mahusiano hayo kuwa kosa la jinai. Ya Burundi, tangu 2009, inayaadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 2. Papa Fransisko, siku chache kabla ya kuja Kinshasa mwaka 2023, alisema wazi kwamba kuwa hivyo si jinai. Akiwa ndegeni akirudi Roma kutoka Juba, alirudia kwamba watu hao ni watoto wa Mungu.

Mwenzako akianza kusema kwamba amechoka kuishi, hapo usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwambie wazi kwamba jambo hilo huwezi kulibeba peke yako, kisha mwende pamoja kwa mtu mzima anayemwamini: shangazi, mwalimu, sista, padri asiyekaripia, au muuguzi wa kituo cha afya.

Nawe unayesoma haya ukijitambua: ubatizo wako haujafutwa. Nafasi yako katika kundi ni yako. Usijilazimishe kumwambia kila mtu. Tafuta mmoja ambaye hujawahi kumsikia akicheka wengine, uanze naye.