Kompyuta Zenu Zimenuniana? Zipatanisheni Hivi

Leo tuzungumzie ugomvi ambao siku hizi umeingia nyumba nyingi bila kubisha hodi. Si wa mke na mume, wala wa mtu na jirani. Ni wa kompyuta mbili za nyumba moja ambazo hazitaki kuonana.

Majuzi nilikaribishwa Kililana, kule bara, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, mahali ilipojengwa bandari mpya. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na sasa yapo matatu, kila moja lina urefu wa mita 400. Meli za mbali zimepata njia ya kuingia, lakini katika nyumba ya mwenyeji wangu kompyuta mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja zilikuwa hazijuani hali.

Moja ilikuwa kuukuu, ya mezani, iliyokaa sebuleni. Mzee alikuwa ameweka humo hati za shamba lake, na mamia ya picha za minazi, mikorosho na miembe iliyokuwapo kabla ya sehemu ya shamba kuchukuliwa. Ya pili ilikuwa ya mkononi, mali ya bintiye anayesoma chuo.

"Hizi zimekosana kama wake wenza," mzee alinitania.

"Baba, si mchezo," binti akajibu. "Kesho wakili ataka picha hizo."

Naye alisema kweli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari hiyo. Katika mambo ya fidia, asiye na ushahidi hana la kusema.

Huenda ukauliza, mbona wasitumie flashi? Matundu yake kwenye kompyuta ile yalikuwa yameliwa na kutu ya hewa ya bahari. Na kutuma picha zote kwa barua pepe kungemaliza bando la wiki nzima. Lakini kompyuta zikizungumza humo humo nyumbani kupitia ruta, hata senti moja ya bando haitumiki. Hilo wengi hawalijui.

Basi yakikufika kama hayo, usianze kubonyeza ovyo. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

Je, ziko nyumba moja kweli?

Usidanganyike kwa kuwa zote zinapata intaneti. Ruta nyingi hutoa waifai mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni. Ya wageni hufungwa makusudi ili mgeni asiingie kwenye kompyuta za wenyeji.

Njia ya kujua ni kutazama anwani. Katika Windows fungua "cmd", andika "ipconfig", kisha soma namba za mstari wa IPv4. Katika nyumba nyingi, mafungu matatu ya kwanza hulingana. Ikiwa moja ni 192.168.1.12 na nyingine ni 192.168.1.20, ni majirani. Ikiwa ya pili ni 192.168.5.20, huenda iko mtaa mwingine. Na ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta hiyo ilikosa kupewa anwani na ruta, ikajitungia yake. Kagua kebo, kisha zima ruta na uiwashe tena.

Kule Kililana tatizo la kwanza lilikuwa hapo hapo. Ya mezani ilifungwa kwa kebo kwenye ruta. Binti naye alikuwa kwenye waifai ya wageni, kwa sababu neno lake la siri ndilo lililokuwa rahisi kukumbuka! Kama nyumbani kwenu mmeongeza ruta ya pili chumbani, nayo yaweza kuzaa mtaa wake. Itengenezeni iwe kipaza waifai tu, isigawe anwani.

Mlinzi wa langoni

Binti alipohamia waifai ya wenyeji, anwani zikalingana, lakini bado kimya. Hapo mtafute mlinzi. Kila Windows ina programu ya ulinzi inayoamua nani aingie. Ukiunganisha mtandao mpya na kuuita "Public", mlinzi hudhani uko hotelini au stesheni, naye huificha kompyuta yako. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uuchague kuwa "Private". Katika Windows 7 neno hilo ni "Home". Kisha washa ruhusa ya kuonekana na ruhusa ya kugawana faili. Fanya hivyo katika kompyuta zote mbili, na kwa mtandao wa nyumbani pekee.

Wako mafundi watakaokuambia umfukuze mlinzi kabisa. Usikubali. Wengine watakushauri uwashe njia ya zamani ya kugawana faili iitwayo SMB1. Usikubali vilevile. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipenya kwa kutumia udhaifu wa njia hiyo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza.

Mwite kwa namba yake

Kutoonekana kwenye orodha hakumaanishi kutofikika. Kabla hujakata tamaa, fungua dirisha la mafaili, na pale juu andika mistari miwili ya kulalia nyuma, kisha namba ya kompyuta ya pili, hivi: \\192.168.1.12. Ni kama kwenda moja kwa moja mlangoni kwa mtu badala ya kungoja umwone barazani.

Tulipofanya hivyo, mlango uliitika, lakini ukadai jina na neno la siri. Mzee akacheka. "Mimi sina siri na mtu." Kumbe hilo ndilo lililokuwa kosa la mwisho. Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kutoka kompyuta nyingine kwa jina lisilo na neno la siri. Tukampa mzee neno la siri, akaliandika kwenye daftari lake la mavuno. Tukabofya folda ya picha, tukaipa ruhusa ya kugawanwa, na binti akaingia.

Picha zilianza kupita moja moja. Mzee alivaa miwani, akasogeza kiti. Ilipofika ya mwembe mmoja mkubwa, akaomba tusimame. "Huu aliupanda baba yangu," akasema. Mwembe wenyewe haupo tena. Sote tulinyamaza kidogo, kisha binti akaendelea na kazi.

Msomaji, jifunze hapa mambo mawili. Kwanza, ukitafuta ugonjwa wa kompyuta, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha matano pamoja, hutajua lililoponya wala lililoharibu. Pili, usiweke kumbukumbu za nyumba mahali pamoja. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ikakoma msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025. Kompyuta kuukuu ikishatoa amana zake, ichomoe kwenye mtandao. Hati na picha ziwe na nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo alasiri, kabla hujalala usingizi wa Jumapili, waite watoto mjaribu pamoja. Pengine wao ndio watakaokufundisha.